Anayekuomba Maneno 24 Hatengenezi Kifaa Chako

Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, tumezoea jambo moja kuhusu fedha za kwenye simu: zikikwama, unapiga huduma kwa wateja. Umesahau namba ya siri, unakwenda dukani na kitambulisho. Umetuma kwa namba isiyo sahihi, unawahi kupiga simu kabla mpokeaji hajatoa. Upande wa pili yupo mtu mwenye mamlaka juu ya akaunti yako, anayeweza kuifunga, kuifungua na mara nyingine kurudisha muamala. Ni mazoea mazuri, na yameokoa fedha nyingi. Lakini mtu akiingia nayo kwenye sarafu za kidijitali, siku anapowasha kifaa chake kipya kwa mara ya kwanza, yanaweza kumfilisi kabla jua halijazama.

Kifaa ninachokisemea ni kile kidude cha ukubwa wa flashi, chenye kioo kidogo na vitufe viwili, ambacho watu hununua ili wasiache sarafu zao kwenye masoko ya mtandaoni. Trezor, kazi ya kampuni ya SatoshiLabs ya mjini Prague, ilitoka mwaka 2014. Ledger ya Ufaransa ikaleta Nano S mwaka 2016. Soko la FTX lilipoanguka Novemba 2022 na wateja wake wakakuta hawawezi kutoa hata senti, watu wengi walivigeukia vifaa hivi, na mimi nautetea uamuzi huo. Kinachonisumbua ni saa ya kwanza, pale kebo imechomekwa, kioo kimewaka, na kompyuta haisemi kitu.

Lieleweke jambo moja kwanza, maana mengi yanaharibikia hapa. Sarafu hazimo ndani ya kifaa. Zimo kwenye daftari la umma la mtandao, blokcheni, ambalo yeyote duniani anaweza kulisoma. Kifaa kinatunza ufunguo wa siri wa kutia saini, na ufunguo huo wote unazaliwa na maneno, mara nyingi 12 au 24, ambayo kifaa hukuonyesha siku ya kwanza na kukutaka uyaandike. Maneno hutoka kwenye orodha ya maneno 2,048 iliyopendekezwa mwaka 2013, na leo inatumiwa na karibu watengenezaji wote. Kifaa kikiibwa au kikiungua, unanunua kingine, hata cha kampuni nyingine, unaingiza maneno yako, na fedha unazikuta palepale. Kwa sababu hiyohiyo, mwenye maneno yako hahitaji kifaa chako wala laini yako wala kitambulisho chako. Akiyapata, awe nchi yoyote, anahamisha kila kitu kwa dakika chache.

Ndiyo maana nasema matatizo ya siku ya kwanza yako ya namna mbili, na kuyatofautisha ndiko kunakookoa fedha. Yapo matatizo ya mawasiliano: kebo, simu, Bluetooth, programu iliyopitwa na wakati. Hayo yanatibika, na hakuna hata moja ambalo dawa yake ni maneno yako ya siri. Halafu yapo matatizo ya siri yenyewe: maneno yamepotea au yamenakiliwa vibaya, neno la ziada limesahaulika. Hapo hakuna binadamu mwenye uwezo wa kukurudishia, hata aliyekitengeneza kifaa. Kazi nzima ya tapeli ni kukuchukua kwenye tatizo la kwanza, ambalo ni dogo, akakuaminisha kwamba linatibiwa kwa dawa ya pili.

Tuanze na kebo, kwa kuwa ndiyo mchawi anayeshukiwa mwisho. Kebo kamili ya USB ya kawaida ina nyaya nne ndani: mbili za umeme na mbili za kupitisha data. Kebo nyingi za bei rahisi zinazotandazwa Kariakoo au barabara ya Luthuli jijini Nairobi zina nyaya mbili tu, zile za umeme, kwa sababu zimetengenezwa kuchaji simu basi. Ukiichomeka, kifaa kinawaka, kinakusalimu, kinakuomba PIN, nawe unaridhika kwamba kebo ni nzima. Kompyuta haioni chochote. Unaondoa programu na kuiweka upya, unabadilisha kompyuta, unaanza kuamini kwamba umeuziwa kifaa kibovu, na muda wote huo tatizo ni waya wa shilingi elfu mbili. Dawa ni kutumia kebo iliyokuja ndani ya boksi, au kuijaribu uliyonayo kwanza kwa kuhamisha picha kutoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta. Picha zikipita, kebo inapitisha data.

Mengine ni ya kupita haraka. Simu za Android huweza kuhitaji adapta ya OTG, ile ya kuchomekea vifaa vya USB, na baadhi huzima OTG zenyewe mpaka uiwashe kwenye mipangilio. Kifaa kisicho na Bluetooth kwa kawaida hakiungani na iPhone, kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Chenye Bluetooth kikigoma, futa muunganisho wa zamani pande zote mbili, kwenye simu na kwenye kifaa, ndipo uanze upya. Programu mbili, tuseme ya kampuni yenyewe na pochi ya kivinjari ya MetaMask, zikikigombea kifaa kimoja kwa wakati mmoja, moja itakosa; funga moja. Linux hutaka ruhusa maalumu kabla ya kukitambua. Sasisho la programu ya ndani likikatika katikati, kifaa huweza kubaki kwenye hali ya kusubiri, kinaonekana kimekufa kumbe kinangoja sasisho lirudiwe. Fedha hazijaguswa. Ila usiguse sasisho lolote kabla ya kuhakikisha karatasi yako ya maneno iko mkononi na inasomeka, kwa kuwa safari nyingine kifaa hujifuta kikiwa kwenye kazi hiyo.

Sasa lipo tatizo linalostahili muda wetu zaidi, kwa sababu ndilo linalowatoa watu akili: salio sifuri. Umeingiza maneno yako kwenye kifaa kipya, yamekubaliwa bila lawama, umefungua programu, na pale ulipotarajia kuona akiba yako pameandikwa 0. Nimewaona watu wazima wakitetemeka mbele ya namba hiyo. Mara nyingi fedha ziko salama kabisa. Maneno yaleyale huzaa akaunti nyingi, na kila programu ina njia yake ya kuzipanga. Kwa Bitcoin ziko anwani zinazoanza na 1, zinazoanza na 3, na zinazoanza na bc1; ukifungua akaunti ya aina moja wakati fedha zako ziko kwenye aina nyingine, utaona sifuri. Kwa Ethereum, programu za zamani na mpya huweza kufuata njia tofauti. Kwa USDT, ambayo ndiyo watu wetu wengi wanayoishika, sarafu yenye jina moja hutembea kwenye mitandao tofauti: anwani za Tron huanza na T, za Ethereum na 0x. Ukitazama mtandao usio wake hutaiona. Hata ukiiona, bado utakwama kuituma kama huna TRX ya Tron au ETH ya Ethereum kidogo ya kulipia nauli ya muamala.

Namna ya kujua ni rahisi, na haihitaji msaada wa mtu. Tafuta anwani uliyowahi kupokelea fedha, kwenye ujumbe wa zamani au kwenye kumbukumbu za soko ulikonunulia, uitazame kwenye tovuti ya kusomea blokcheni ya sarafu hiyo. Anwani si siri; kuitazama hakumpi mtu ufunguo. Ukikuta fedha bado zimekaa, hazijaibwa. Kinachobaki ni kutafuta mlango sahihi, kwa utulivu, hata ikikuchukua wiki nzima.

Kuna sifuri nyingine ambayo ni mbaya kweli. Neno la mwisho katika yale 12 au 24 limebeba hesabu ndogo ya ukaguzi, na ndiyo maana kifaa hukataa maneno yaliyokosewa. Lakini kwa maneno 24, mpangilio uliokosewa una nafasi 1 kati ya 256 ya kukubalika. Kwa maneno 12, nafasi ni 1 kati ya 16. Ukibahatika vibaya, kifaa kinakufungulia pochi nyingine iliyo halali na tupu. Orodha ile ina maneno ya Kiingereza kama act, action, actor, actress na actual, yote matano. Mwandiko wa haraka, wino uliochujuka, na mtu asiyezoea Kiingereza kwa maandishi: umeona mtego ulipo. Orodha rasmi zimetolewa kwa Kihispania, Kifaransa, Kijapani, Kikorea, Kichina na lugha nyingine chache. Ya Kiswahili haimo, na hata zile zilizomo vifaa vingi havizitumii. Kinachosaidia ni kwamba herufi nne za mwanzo zinatosha kutofautisha kila neno, kwa hiyo ziandike kwa herufi kubwa zinazosomeka, na kila neno na namba yake.

Neno la ziada, lile unaloweza kujiongezea mwenyewe juu ya maneno ya kifaa na ambalo wengine huliita neno la 25, ni hatari kuliko yote kwa anayeanza. Halina kosa. Chochote utakachoandika, hata kwa herufi kubwa badala ya ndogo, kitafungua pochi halali, na kama si lile ulilolitumia mwanzo utakuta sifuri. Ushauri wangu kwa anayeanza ni asiliguse kabisa.

Rudi sasa kwa mtu aliyeona sifuri, au ambaye kebo imemgomea saa nne usiku. Mchukulie dada wa Mombasa anayefanya kazi Doha, ambaye ameweka akiba yake kwa USDT ili kodi ya nyumba ya mama isichelewe. Anaandika kwenye kundi la Telegram: kifaa changu hakiungani, msaada. Hapo ndipo mazoea yetu ya huduma kwa wateja yanapomgeuka. Ndani ya dakika chache anapata ujumbe wa pembeni kutoka kwa mtu mwenye nembo ya kampuni, lugha ya heshima na namba ya tiketi. Anaulizwa maswali ya maana kabisa kuhusu kebo na toleo la programu. Kisha anatumiwa kiungo cha ukurasa wa "kusawazisha pochi", wenye visanduku 24. Mwizi huyu hakuvunja kifaa. Kifaa kimefanya kazi yake sawasawa. Aliyefunguliwa ni dada mwenyewe, kwa kuwa alikuwa kwenye tatizo na akapata mtu wa kumsikiliza.

Wezi hawa hawangoji kwenye makundi tu. Mwaka 2020 taarifa za wateja wa Ledger zilivuja, na Desemba ya mwaka huo zikamwagwa hadharani: barua pepe zipatazo milioni 1, na majina, anwani za nyumbani na namba za simu za watu takriban 272,000. Mwaka 2021 baadhi yao walipokea nyumbani boksi lililofungwa vizuri, lenye barua iliyodai kutoka kwa kampuni na kifaa "kipya cha usalama". Ndani kilikuwa kimeongezewa flashi yenye programu ya kuwataka waandike maneno yao. Novemba 2023, programu bandia iliyojiita Ledger Live iliingia kwenye duka rasmi la Microsoft na kuondoka na zaidi ya Dola 500,000 za watu kabla ya kuondolewa. Watu hao hawakubofya kiungo cha mtaani. Walikwenda dukani, wakaandika jina la programu, wakaipakua. Kwa hiyo programu ipate kwa kuandika mwenyewe anwani ya tovuti ya mtengenezaji, na tangazo linalotokea juu ya matokeo ya utafutaji lipite.

Na wapo wanaokuwahi kabla hujawasha. Mei 2023 watafiti wa kampuni ya usalama wa mtandao ya Kaspersky walieleza Trezor moja ya bandia iliyonunuliwa kwa muuzaji wa kwenye tovuti ya matangazo. Stika za ulinzi zilikuwapo, boksi zuri, na kilipowashwa kilifanya kila kitu kama cha kweli. Walipokifungua walikuta pande mbili za kasha zimeshikwa kwa gundi nyingi na utepe wa kunata, wakati kiwandani huunganishwa kwa mawimbi ya sauti. Chipu kuu ilikuwa imebadilishwa, na alama za kuchomelea zilionekana. Programu ya kuwashia ilikuwa na namba ya toleo ambalo kampuni haikuwahi kulitoa. Ndani, badala ya kubuni maneno mapya, kifaa kilichagua moja kati ya mafungu 20 ambayo wezi walikuwa nayo tayari. Mwenye nacho alipoteza bitcoin 1.33 siku ambayo hata hakuwa amekichomeka popote.

Baada ya hapo, sitamsikiliza mtu anayeniambia anunue cha mkono wa pili kwa sababu ni nafuu. Vya bei ya chini huuzwa Dola 50 hadi 80 kabla ya usafiri na ushuru. Kama sarafu zako zote hazizidi kiasi hicho, kifaa hukihitaji bado. Kama zinazidi, agiza kwa mtengenezaji au kwa wakala aliyetajwa kwenye tovuti yake, na kikifika kikiwa na PIN tayari au karatasi yenye maneno yaliyokwisha kuandikwa, usikitumie hata kama muuzaji anaapa.

Anayedhani kampuni ikibanwa itapata njia ya kumfungulia, amkumbuke Mark Frauenfelder, mwandishi wa Marekani aliyesimulia mkasa wake kwenye jarida la Wired mwaka 2017. Alikuwa na bitcoin 7.4 kwenye Trezor. Karatasi yake ya maneno 24 ilitupwa na wafanya usafi wakidhani ni taka, na PIN aliyodhani anaikumbuka ikakataa. Kila alipokosea, muda wa kusubiri uliongezeka maradufu. Kampuni haikuwa na la kumfanyia. Alimwendea hata mtaalamu wa kuamsha kumbukumbu kwa usingizi. Aliyemwokoa ni kijana wa miaka 15 wa Uingereza, Saleem Rashid, aliyejua tundu kwenye toleo la zamani la programu ya ndani ambalo Frauenfelder hakuwa amelisasisha. Tundu hilo lilishazibwa kwenye matoleo mapya. Wewe usihesabu juu ya kijana huyo. Ledger hujifuta ukikosea PIN mara tatu, na ikishajifuta ni karatasi yako tu inayobaki.

Ninachopigania, basi, ni mpangilio wa kazi. Siku hizi mtu anafundishwa kuwasha kifaa, kutuma sarafu, kisha anaambiwa atunze maneno. Igeuzwe. Kifaa kikiwa kitupu, andika maneno kwa kalamu, wala usiyapige picha. Tuma kiasi kidogo, cha kununulia soda. Kisha kifute kifaa kwa makusudi: ingiza PIN mbovu mpaka kijifute, au tumia menyu ya kukirudisha kiwandani. Kirejeshe kwa kusoma karatasi yako, ukiingiza maneno kwenye kifaa chenyewe. Trezor ya kwanza ilikuwa na njia ya kuandika maneno kwenye kompyuta kwa mpangilio uliochanganywa, na hiyo ni sababu moja ya kumshauri mnunuzi mpya achague kifaa kinachopokea maneno kwenye kioo chake. Ukiona zile senti za soda zimerudi, umejua kwa hakika kwamba mwandiko wako unasomeka, aina ya akaunti ni sahihi na kebo ni nzima. Makosa yote niliyoyataja hapo juu, ukiacha kifaa bandia, yangejitokeza kwenye zoezi hili wakati hakuna cha kupotea. Wanaouza vifaa hivi Dar es Salaam na Nairobi, na wanaoendesha madarasa ya sarafu kwa ada, wana wajibu wa kumsimamia mteja mpaka alimalize mbele yao, wao wakitazama pembeni anaposoma maneno.

Serikali haitalifanya kwa niaba yao. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa katazo la sarafu hizi Novemba 2019. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaja kutoza asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kenya ilipitisha sheria ya watoa huduma wa mali hizo Oktoba 2025. Ni hatua, na nazikaribisha, lakini zinalenga kampuni zinazoshika fedha za watu na kodi inayotokana nazo. Aliyejishikia mwenyewe funguo zake amejiweka nje ya mkono wa msimamizi, na hilo linapaswa kusemwa waziwazi pale anapouziwa.

Kama umeshayatoa maneno, hata kwa nusu dakika, usibaki ukibishana na aliyekudanganya. Kubadilisha PIN hakusaidii. Unda maneno mapya kwenye kifaa kingine, au kwenye programu ya simu ukikosa kifaa, na uhamishe fedha kwenda huko sasa hivi, ukianza na kiasi kikubwa. Kama zimeshakwenda na zilikuwa USDT, Tether, kampuni inayozitoa, ina uwezo wa kuzifungia anwani na imeshafanya hivyo kwa maombi ya vyombo vya dola. Fika polisi siku hiyohiyo, kitengo cha makosa ya mtandao, ukiwa na anwani ya mwizi, namba ya muamala na saa uliofanyika. Kesho yake watajitokeza wanaojiita wataalamu wa kurejesha sarafu zilizoibwa, wakitaka ada ya kutangulia. Mara nyingi orodha ya walioibiwa wameipata kwa mwizi yuleyule.